Kijana wa merikebu ya kasumba: maisha yake, alichokijua na alichokipata

Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Pangani ameniuliza hivi: "Nimesoma kwamba katika karne ya 19 vijana wadogo, wengine wa miaka 13 au 14, walifanya kazi katika merikebu zilizopeleka kasumba China kwa magendo. Ningependa kujua maisha yao ya kila siku yalikuwaje, kama walijua wanachobeba na kujiona wahalifu, na kama miongoni mwao walikuwamo watu wa pwani yetu."

Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza habari za baharia, kwa sababu maandishi mengi juu ya kasumba (yaani afyuni, dawa ya kulevya itokayo katika mmea wa mpopi) na China huanza na wafanyabiashara na kuishia kwa majenerali, na wale waliopandisha matanga na kuyainua masanduku hutajwa kwa jumla tu, kana kwamba walikuwa sehemu ya chombo. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba kijana huyo alikuwa baharia kwanza na mtu wa magendo baadaye. Siku zake nyingi zilipita katika kazi ile ile ya kila baharia wa zama hizo, ila kwa mbio zaidi na kwa hatari zaidi. Alijua vizuri kilichokuwa ngamani, yaani tumboni mwa merikebu. Lakini kilichoamua kama biashara hiyo itamtajirisha, itamwacha kama alivyokuwa au itamwua, hakikuwa ushujaa wake wala wepesi wake wa kupanda mlingoti, bali ni mtoto wa nani, na jina lake liliandikwa katika orodha ipi ya mabaharia.

Ni lazima kwanza tuone biashara yenyewe ilivyopangwa, kwani mpango huo ndio uliompatia kijana kazi. Serikali ya China ilipiga marufuku uuzaji wa kasumba ya kuvuta mwaka 1729, na mwishoni mwa karne hiyo ikakataza isiingizwe nchini kabisa. Kampuni ya Kiingereza ya East India, iliyotawala Bengal na kuhodhi kasumba ya Patna na Benares, haikutaka kupoteza ruhusa yake ya kununua chai mjini Canton (Guangzhou ya leo), kusini mwa China. Kwa hiyo ilizikataza merikebu zake yenyewe kubeba kasumba, ikawa inainadi hadharani mjini Calcutta na kuwaachia wafanyabiashara binafsi kazi ya kuifikisha China. Karatasi za Kampuni zikabaki safi, na kosa likahamia katika vyombo vya watu wengine. Kasumba ya Malwa, iliyolimwa katika maeneo ya ndani ya India ambayo Kampuni haikuyatawala moja kwa moja, ilitoka kupitia Bombay na bandari ya Wareno ya Daman, na Wamarekani wakaichukua ya kwao Uturuki, katika bandari ya Izmir. Mnamo 1820 China ilikuwa ikipokea masanduku yasiyofika 5,000 kwa mwaka, na kufikia 1838 yalikuwa yamekaribia 40,000. Sanduku moja la Patna lilikuwa na madonge 40, kila donge lenye uzito wa kilo moja na nusu hivi na lililovikwa petali za mpopi zilizogandishwa pamoja, kila moja katika chumba chake kidogo ndani ya sanduku, hivyo uzito wa sanduku zima ulizidi kilo 60. Ongezeko hilo lilihitaji merikebu mpya, na merikebu mpya zikahitaji mikono.

Mikono hiyo ilitoka pande mbalimbali, na hapa ndipo ninapoomba usimwone "kijana baharia" kama mtu wa aina moja.

Yuko yule aliyekuwa na mjomba. Robert Bennet Forbes wa Boston, aliyezaliwa mwaka 1804, alipanda merikebu iliyoitwa Canton Packet mwaka 1817, akiwa na miaka 13, na merikebu hiyo ilikuwa mali ya wajomba zake wa ukoo wa Perkins, ambao walikuwa miongoni mwa Wamarekani wa mwanzo kupeleka kasumba ya Uturuki nchini China. Alilala sitahani, alipanda milingoti kama wenzake, na sina shaka kwamba mikono yake ilichubuka kama ya wenzake. Lakini kila safari ilikuwa kwake darasa lililolipiwa na jamaa zake, na alipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu alikuwa tayari ni msimamizi wa merikebu ya ghala iliyotia nanga katika kisiwa cha Lintin, karibu na Canton, ikipokea na kutunza kasumba ya Wamarekani. Kwa kazi ya miaka michache mahali hapo alirudi Boston akiwa tajiri. William Jardine, Mskoti ambaye baadaye jina lake lilikuja kuwa kubwa kuliko yote katika biashara hii, alianza vivyo hivyo baharini mwaka 1802, akiwa na miaka 18, kama msaidizi wa tabibu katika merikebu ya Kampuni iliyoitwa Brunswick. Desturi ya Kampuni iliwaruhusu maofisa na matabibu wa merikebu wawe na nafasi yao ngamani ya kubebea bidhaa za kujiuzia, na Jardine aliitumia nafasi hiyo kwa akili nyingi. Katika merikebu hiyo hiyo, ilipotekwa na Wafaransa mwaka 1805, alikuwamo pia kijana Mparsi (wa jamii ya India yenye asili ya Uajemi) wa Bombay, Jamsetjee Jejeebhoy, na urafiki wa vijana hao wawili ukawa baadaye mojawapo ya njia kuu za kasumba ya Malwa kufika China.

Yuko pia yule asiyekuwa na mjomba. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1823 ilizilazimu merikebu za biashara kuchukua vijana wanagenzi kulingana na ukubwa wa chombo, na familia maskini ziliwatia vijana wao mkataba wa miaka kadhaa, ambao mwanagenzi hakuweza kuuvunja bila kukamatwa. Huyu hakuwa na nafasi yake ngamani. Alichopata ni chakula, nguo, mafunzo, na matumaini ya kuwa siku moja ofisa mdogo.

Na yuko wa tatu, aliyekuwa mmoja kati ya wengi sana, naye ni laskari. Kwa jina hilo waliitwa mabaharia wa India na bahari zilizo jirani nayo, wengi wao Waislamu wa Bengal, Gujarat na Kutch, wakichanganyika na Wamalay, watu wa Manila, Wagoa na watu wa Macao. Jina lenyewe lina asili moja na neno letu askari, na lugha ya sitaha yao ungeielewa kwa sehemu kama ungesimama kando yao, Mwalimu. Msimamizi wao walimwita kwa neno ambalo sisi tunalitamka serahangi, na mshika usukani wao alipewa jina lililotokana na sukani, neno ambalo sisi na wao tumelipata kwa Waarabu. Kijana laskari hakuandikwa na nahodha. Aliletwa na serahangi, mara nyingi kutoka kijiji kimoja au ukoo mmoja, naye serahangi alimtegemea dalali wa bandarini aliyekuwa amewakopesha wote fedha kabla ya safari. Mshahara wa miezi ya kwanza ulikuwa umekwisha liwa na deni kabla nanga haijang'olewa, na hata mshahara kamili ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa baharia Mwingereza aliyevuta kamba hiyo hiyo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu picha za merikebu za kasumba humwonyesha kijana wa Kizungu mwenye nywele zinazopeperushwa na upepo, ilhali katika vyombo vingi vya njia hiyo wengi wa waliokuwa kwenye kamba walikuwa ni hao malaskari.

Sasa niingie baharini. Mtu wa Pangani hahitaji kufundishwa kaskazi na kusi, na bila pepo hizo huwezi kuielewa merikebu ya kasumba. Upepo wa kaskazini mashariki unaozileta jahazi kwetu katika miezi ya Desemba na Januari huvuma pia katika bahari ya China, lakini huko hutoka upande wa China kuelekea Singapore, yaani humpiga usoni anayetoka India. Kwa karne nyingi merikebu zilisubiri, zikaenda na pepo za kusi na kurudi na za kaskazi, safari moja kwa mwaka. Lakini mnada wa kwanza wa kasumba mpya ya Bengal ulifanyika mwanzoni mwa mwaka, wakati upepo ulipokuwa wa mbisho kabisa, na mfanyabiashara aliyefika China wa kwanza aliuza kwa bei aliyoitaka. Nahodha William Clifton ndiye aliyethubutu. Merikebu yake Red Rover, ya tani 255, iliyoundwa karibu na Calcutta mwaka 1829 kwa umbo jembamba lililofuata vyombo vya mbio vya Kimarekani, iliondoka mwezi Januari 1830, ikabisha, yaani ikaenda kwa kukata kona kona dhidi ya upepo, mpaka pwani ya China, ikauza, na kurudi Calcutta, safari nzima ikichukua siku 86. Tangu hapo iliwezekana kwenda mara tatu kwa mwaka, na kila mwenye fedha akataka chombo kama hicho. Rustomjee Cowasjee, Mparsi wa Calcutta, alikuwa na Sylph kufikia mwaka 1831.

Kwa mwenye mali ushindi huu ulikuwa wa hesabu, na kwa kijana wa sitahani ulikuwa ni wiki nyingi za kulowa. Safari ilianza polepole, rubani akiiongoza merikebu kushuka mto Hooghly kati ya mafungu ya mchanga yanayohama, na katika siku hizo kijana alizoea chombo, alijifunza jina la kila kamba kwa kuigusa gizani, na mara nyingi alianza kuugua homa aliyoichukua mjini. Baadaye ilifuata ghuba ya Bengal, kisha mlango wa Malaka, kisha kituo kifupi cha Singapore kwa maji na kuni, na baada ya hapo ndipo bahari ya China ilipoanza kuwapiga. Kubisha na merikebu ya matanga ya foromali (boriti za kubebea matanga) si kama kubisha na jahazi. Kila inapogeuzwa, mabaharia wote huitwa, waliolala na walio macho, foromali huzungushwa kwa kuvutwa na mikono ya watu waliopangwa kwa safu, na kama kugeuka kunashindikana chombo hurudi nyuma umbali uliopatikana kwa saa nzima. Merikebu hizo ziliundwa nyembamba na za chini ili zikate mawimbi, nazo kweli ziliyakata, lakini maji yaliyokatwa yalimwagika juu ya sitaha na juu ya watu. Manahodha walibisha wakijikinga kando ya Palawan na Luzon, penye miamba ambayo ramani za wakati huo hazikuionyesha yote, na kijana mwenye macho mazuri aliwekwa juu ya mlingoti akichungulia rangi ya maji.

Siku iligawanywa kwa zamu za saa nne, kengele ikipigwa kila nusu saa, na hapakuwa na usingizi uliozidi saa nne mfululizo mpaka nanga itiwe. Mabaharia wa Kizungu walikula nyama ya chumvi na biskuti ngumu, malaskari walikula wali, dengu na samaki mkavu waliopikiwa na mpishi wao, na wote walikunywa maji yaliyokaa mapipani mpaka yakanuka. Kisha palikuwa na kazi ambayo merikebu ya chai au ya pamba haikuwa nayo kwa kiasi hicho, nayo ni mizinga. Merikebu ya kasumba ilikwenda na watu wengi kuliko ilivyohitaji kwa matanga yake, kwa sababu ilipaswa kujilinda. Ilipeleka mali nyepesi ya bei kubwa na kurudi na fedha taslimu, na maharamia wa pwani ya China walijua. Kwa hiyo kijana alifundishwa kujaza baruti, kusafisha bunduki, na kushika mkuki mfupi wa kumzuia anayepanda ubavuni mwa chombo. Shehena nayo ilitaka uangalizi. Kasumba huharibika kwa unyevu na kwa joto, basi mifuniko ya ngama ilizibwa bahari ilipochafuka na kufunguliwa ilipotulia ili hewa ipite, na harufu nzito ilipanda mpaka mahali pa kulala. Baharia wa merikebu hizo hakuhitaji kuambiwa na mtu amebeba nini.

Walipofika Lintin, kisiwa kilicho katika mlango wa mto wa Canton, magendo yenyewe yalikuwa na utulivu ambao huenda ukakushangaza. Tangu 1821, maofisa wa China walipokaza ulinzi mtoni, wafanyabiashara wageni waliweka hapo merikebu za ghala zilizokaa na nanga mwaka mzima. Mnunuzi Mchina alilipa fedha zake mjini Canton, katika ofisi ya kampuni ya kigeni, ambako mtaalamu wa kukagua fedha, aliyeitwa kwa jina lenye asili moja na neno letu sarafu, alizipima moja moja. Akapewa hati, na hati hiyo akaipeleka kwenye merikebu ya ghala. Hapo ndipo mabaharia walipoitwa. Sanduku lilipandishwa kutoka ngamani, likavunjwa, madonge yakakaguliwa na kupimwa, yakatiwa katika magunia ya mkeka na kushushwa katika mashua ndefu za Wachina zilizokuwa na makasia mengi, hadi sitini na zaidi, ambazo watu waliziita kaa wepesi kwa jinsi makasia yalivyotembea pande zote mbili. Ofisa wa doria alikwisha kupata fungu lake kwa kila sanduku. Waliovuka mstari wa sheria ya China kwa miili yao walikuwa wapiga makasia hao, watu wa China wenyewe, na wakikamatwa na ofisa asiyehongwa adhabu ingeweza kuwa kifo. Kijana wa merikebu alibaki upande wa pili wa ubavu wa chombo, akiwatazama wakipotea gizani.

Kaskazini zaidi pwani ilikuwa hivyo hivyo. William Hunter, Mmarekani wa kampuni ya Russell, alisafiri mwaka 1837 katika merikebu ndogo iliyoitwa Rose hadi kisiwa cha Namoa, akaeleza jinsi ofisa wa serikali alivyopanda merikebuni na watu wake, ikasomwa kwa sauti amri ya mfalme inayowataka wageni waondoke mara moja, kisha watu wengine wakatolewa chumbani, mvinyo ukamiminwa, na mazungumzo yakahamia kwenye idadi ya masanduku na kiasi cha malipo yake.

Hapa nafikia sehemu ya pili ya swali lako, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi: je, kijana huyo alijiona mhalifu? Tuangalie alichokuwa akikiona. Nyumbani Uingereza, maji ya kasumba yaliuzwa katika maduka ya kawaida, mama walimpa mtoto anayelia, na kizuizi cha kwanza cha kweli, kilichotaka yauzwe na wafamasia tu, hakikuja mpaka 1868. Dawa hiyo hiyo ilikuwa katika sanduku la tabibu wa merikebu. Kijana alimwona nahodha, mtu wa heshima aliyesoma sala siku ya Jumapili, akisimamia mauzo. Sylph ilipokwenda pwani ya China mwaka 1832, mkalimani wake alikuwa mhubiri wa Kiprotestanti, Karl Gützlaff, aliyegawa vitabu vya dini katika safari hiyo hiyo iliyouza kasumba. Ni vigumu kwa mtoto wa miaka 14 kuita uovu jambo ambalo wote wenye mamlaka juu yake wanaliita biashara, na mimi simtwiki mzigo huo.

Lakini pia sikubaliani na wanaosema kwamba zama zile hakuna aliyejua ubaya wake. Walijua. Kampuni ya Kimarekani ya Olyphant ilifanya biashara Canton hiyo hiyo na ikakataa kabisa kugusa kasumba. Katika bunge la Uingereza, mwezi Aprili 1840, hoja ya kuilaumu serikali kwa vita na China vilivyotokana na kasumba ilishindwa kwa kura 9 tu, 271 kwa 262, na mbunge kijana Gladstone, aliyekuja baadaye kuwa waziri mkuu, akavilaani vita hivyo waziwazi. Kamishna Lin Zexu, aliyetumwa na mfalme wa China kuikomesha biashara ya kasumba, alimwandikia Malkia Victoria barua akimweleza jinsi sumu hiyo inavyowaangamiza watu wake. Aliyeweza kujua alijua, na aliyekuwa na uwezo wa kuchagua alikuwa na mfano wa kuufuata. Mwanagenzi aliyefungwa na mkataba na laskari aliyefungwa na deni hawakuwa na uwezo huo. Forbes na Jardine walikuwa nao.

Mwaka 1839 uliwafanya mabaharia waishike shehena hiyo mara ya pili. Lin alifika Canton mwezi Machi, akawazuia wafanyabiashara wageni katika nyumba zao kwa wiki kadhaa mpaka walipokubali kuikabidhi kasumba yote, na mabaharia wale wale walioyapanga masanduku ngamani wakayatoa tena, moja baada ya jingine, kuanzia Aprili hadi Mei, jumla yake 20,283. Kuanzia tarehe 3 Juni yaliharibiwa huko Humen, karibu na mlango wa mto wa Canton, kwa kuchanganywa na chumvi na chokaa katika mahandaki na kumiminwa baharini. Baada ya hapo merikebu zilijazana karibu na Hong Kong bila kazi, na mabaharia wasio na kazi wakashuka kutafuta pombe. Tarehe 7 Julai, katika kijiji cha Tsim Sha Tsui, mabaharia waliolewa pombe ya mchele walimpiga mwanakijiji Lin Weixi, naye akafa kesho yake. Msimamizi wa Waingereza, Charles Elliot, alikataa kuwatoa watuhumiwa kwa Wachina, akawahukumu mwenyewe kifungo, na walipofikishwa Uingereza wakaachiwa. Katika miezi iliyofuata ugomvi huo ulikuwa moja ya sababu za bunduki kuanza kulia.

Na tazama ni nani waliolipa. Mwezi Agosti mwaka huo merikebu ndogo iliyoitwa Black Joke ilivamiwa usiku karibu na Macao. Waliouawa walikuwa malaskari. Abiria wake Mwingereza, Mark Moss, aliponea chupuchupu, akakatwa sikio. Jina la Moss na habari za sikio lake vimeandikwa tena na tena katika historia ya vita hivyo, na majina ya waliokufa ubavuni pake hayatajwi. Miaka miwili baadaye, Septemba 1841, merikebu ya vifaa vya vita iliyoitwa Nerbudda ilivunjika pwani ya Taiwan. Wazungu waliokuwamo waliingia mashuani na kuondoka, wakawaacha Wahindi wapatao 240, malaskari na watumishi wa jeshi. Machi 1842 ikafuata merikebu Ann, iliyokuwa ya biashara ya kasumba. Mateka wengi walikufa kifungoni, na mwezi Agosti 1842, mwezi ule ule uliotiwa saini mkataba wa amani wa Nanking, mateka 197 kutoka vyombo hivyo viwili waliuawa mjini Tainan. Kila ninaposoma habari hii huwafikiria wale 240 wakiitazama mashua ikienda.

Hata hivyo nisikufanye uamini kwamba risasi ndiyo iliyowamaliza mabaharia wengi. Bahari iliwaua zaidi, pamoja na homa na kipindupindu cha bandarini. Red Rover yenyewe, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya mbio zake, ilipotea katika ghuba ya Bengal mwaka 1853 na watu wote waliokuwamo.

Mkataba wa Nanking ulifungua bandari tano na kuichukua Hong Kong, lakini haukuihalalisha kasumba, hivyo kazi ya kijana iliendelea kuwa ya magendo hadi 1858, ilipowekewa ushuru kama bidhaa nyingine. Kufikia wakati huo merikebu za matanga zilikuwa zimekwisha shindwa na meli za mvuke, ambazo zilianza kufika China kwa ratiba mwaka 1845 na hazikujali upepo unatoka wapi. Frolic, iliyoundwa Baltimore mwaka 1844 kwa ajili ya kasumba ya Malwa, ilikosa faida ndani ya miaka michache tu, ikajazwa hariri na vyombo vya kauri kwa soko la wachimba dhahabu wa California, ikagonga mwamba kaskazini mwa San Francisco tarehe 25 Julai 1850. Malaskari, Wamalay na Wachina waliokuwa mabaharia wake walijikuta katika pwani ambako hawakuwa na mtu wala lugha.

Sasa watu wa kwetu. Ndiyo, watu wenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki walikuwamo katika ubaharia wa Bombay, bandari kuu ya kasumba ya Malwa, na huko waliitwa Masidi. Wengine walikuwa watumwa au watoto wa watumwa waliovushwa kutoka Kilwa na Unguja hadi Gujarat na Kutch, wengine walikuwa mabaharia huru waliofuata pepo. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, akapelekwa Gujarat na kurudi Unguja mtu mzima, amejulikana kwa sababu aliwaongoza wasafiri wa Kizungu bara kuanzia 1857, lakini njia iliyompeleka India ilipitiwa na maelfu wasiojulikana. Katika meli za mvuke za baadaye Masidi walikuwa maarufu kama wachochea moto wa tanuri, kazi ya joto ambayo wengine waliikwepa. Katika merikebu za matanga walihesabiwa ndani ya jina moja la malaskari pamoja na wengine wote, kwa hiyo ukikutana na orodha inayosema "malaskari 40" bila majina, usiwaone wote kuwa Wabengali.

Na kuna alama nyingine iliyobaki kwetu, ambayo wanafunzi wako wanaitamka bila kuifikiria. Leo tunaposema mtu ana kasumba, tunamaanisha fikra mbaya zilizomganda kichwani, lakini kwa asili neno hilo ni jina la dawa yenyewe, nalo linafanana na kasumbo, jina ambalo watu wa Gujarat na Kutch hulitumia kwa kasumba iliyolowekwa majini ili inywewe. Kati ya Kutch na pwani yetu vyombo vilikwenda na kurudi kila mwaka, vikiwa na serahangi na vijana wake sitahani.